Siku Mkaguzi Alipokimbia

"Alikimbia! Nimemwona kwa macho yangu haya mawili. Alikimbia kama mwanafunzi aliyesikia kengele ya chakula!"

"Hakukimbia," alisema Matroni. "Aliteleza akashuka."

"Aliteleza?" Wifi wa mgonjwa alikitua kikombe kwa kishindo hadi chai ikamwagikia kwenye kisosi. "Mama, nani anateleza ngazi tisa kwa kubadilisha miguu, kulia, kushoto, kulia, kushoto? Huko ni kuteleza au ni gwaride?"

Mkwe wa Matroni, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amesimama mlangoni akijikuna kidevu. Huku dada yake, huku mama mkwe. Mtu mwenye akili zake hachagui upande hapo. Mwenye kusemwa haya yote, mkewe, alikuwa amekaa pembeni mwa kochi, mikono miwili imeshika ukingo wake, macho ameyakaza kwenye swichi ya taa ukutani. Alikuwa na miezi mitatu akichagua kitu kimoja kisichosogea na kukitazama. Akigeuza kichwa ghafla, nyumba nzima ilimfuata.

Lililotokea lilikuwa hivi. Wifi alikuja mchana huo kuwajulia hali. Alipofika chini ya ngazi za nje, mtoto wa miaka minne alikuwa juu akicheza na kifuniko cha ndoo. Kifuniko kikamponyoka, naye akakifuata, akajikwaa, akaanza kubiringika. Hapo ndipo mama yake, ambaye asubuhi hiyohiyo alikwenda msalani kwa kushika ukuta kama mtu anayetembea gizani, alitoka ndani miguu mitupu, akashuka mbio, akamdaka mwanawe kwenye ngazi ya tatu kutoka chini. Mtoto alichubuka goti tu. Lakini mama mtu, baada ya kumkumbatia na kuhakikisha anapumua, alikaa palepale na hakuweza kuinuka tena. Miguu ilikataa. Mumewe ndiye aliyembeba kumrudisha juu.

"Kupanda anabebwa, kushuka anakimbia," alisema wifi. "Ugonjwa gani huo unaojua kuchagua?"

"Mwenye kuumwa ni yeye, si wewe," alisema Matroni.

"Na mwenye kuulizwa ni mimi, si wewe! Nani alimpeleka kiwanda cha vitambaa? Nani alisema, huyu ni wifi yangu, macho yake makali, mpeni meza ya ukaguzi? Kila siku msimamizi ananipita pale kwenye ufungashaji: wifi yako vipi? Nasema anaumwa. Anaumwa nini? Nasema kizunguzungu. Wenzangu wananong'ona. Alhamisi saa nne ofisi inataka barua ya daktari, na isipokuwapo, kazi hana. Mimi sina nia mbaya. Lakini nikiulizwa nilichokiona, nitakisema."

Alichukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka, sauti ikashuka kidogo.

"Wifi, kama umechoka na kazi, sema umechoka. Hakuna atakayekuua."

Mgonjwa hakuondoa macho kwenye swichi. "Sijachoka na kazi," alisema.

*

Wifi alipoondoka, Matroni alifuta chai iliyomwagika, akakunja kitambaa mara nne, akatoa amri. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana kwa miaka thelathini na mmoja, na kustaafu hakukumwondolea cheo. Hata muuza maji wa mtaani alimwita Matroni.

"Jumatano tunakwenda kwa yule daktari wa mishipa ya fahamu. Atauliza maswali. Habari ya ngazi haitajwi."

"Mama," alisema mkwe kwa adabu, "daktari hadanganywi."

"Nani kasema adanganywe, baba? Kudanganya ni kusema. Mimi nimesema tunyamaze."

"Lakini kama kukimbia kwenyewe—"

"Watasema nini? Vipimo vyote safi. Damu safi, kichwa kimepigwa picha, safi, sikio safi. Amebakiwa na kitu kimoja tu cha kuonyesha: kwamba hawezi kutembea sawasawa. Ukiwaambia alikimbia, umewapa na hicho."

Binti yake alimtazama, kwa uangalifu, akigeuza macho kwanza na kichwa baadaye.

Matroni alikwenda jikoni kuosha vikombe. Aliviosha mara mbili. Pale shuleni kulikuwa na chumba cha wagonjwa chenye vitanda sita, na kila msimu wa mitihani vitanda sita havikutosha. Kichwa kinauma, Matroni. Tumbo, Matroni. Naye hakuwa na haja ya kipimajoto. Alikuwa akipita mlangoni na kusema kwa sauti, kama anayejisemea, "Leo kuna nyama," kisha anahesabu vichwa vilivyoinuka. Vilivyoinuka vilirudi darasani. Alijivunia jicho lake hilo. Walimu wapya walisimuliwa habari zake.

Sasa kwa miezi mitatu jicho hilo lilikuwa likimtazama binti yake wa kumzaa. Lilimtazama akienda msalani, likamtazama akila, likamtazama akicheka na mtoto na kusahau kushika meza. Matroni alilichukia jicho hilo, lakini halikufumba. Ndiyo maana alizidisha huduma: mapazia kufungwa mchana kutwa, chakula kitandani, maji ya kuoga ndani ya beseni, usiinuke mwanangu, usiiname mwanangu. Mtu akimshuku mwanawe hulipa kwa namna hiyo.

*

Ukumbi wa hospitali ulikuwa na sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, kama ubao wa drafti. Kwa watu wengine ilikuwa sakafu. Kwa mkaguzi wa vitambaa ilikuwa maji yanayochemka. Aliinua uso akatazama dari, akashika ukuta, akaanza kuvuta mguu mmoja baada ya mwingine, mgongo umekakamaa kama aliyebeba mtungi uliojaa hadi mdomoni.

"Dada," alisema mlinzi wa mlangoni, akicheka na mwenzake, "saa mbili asubuhi umeshaonja?"

"Ameonja uji," alisema Matroni. "Wewe umeonja adabu lini mara ya mwisho?"

Mwenzake mlinzi akaangua kicheko, na Matroni akapita kichwa juu. Lakini aliona mashavu ya binti yake yamelowa.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko walivyotarajia, amevaa viatu vya kamba vilivyochakaa visigino. Matroni alimweka moja kwa moja kwenye kundi la wasichana wa kidato cha tatu. Lakini daktari huyu alifanya jambo ambalo wanne waliomtangulia hawakufanya: aliiweka kando ile bahasha ya vipimo na kumwambia mgonjwa, "Niambie siku ya kwanza kabisa."

Siku ya kwanza aliamka chumba kinazunguka kama pangaboi. Alitapika siku mbili. Wakasema sikio la ndani limevimba, wakampa dawa, na wiki ya pili mzunguko ukaisha. Lakini haukuacha ardhi ikiwa kama zamani. "Nikisimama, chini ni kama godoro. Nikilala, afadhali. Kitu kikinipita mbele ya macho, watu wengi, foleni ya magari, naondoka nacho. Na kazi yangu ndiyo hiyo. Kitambaa kinapita juu ya meza ya kioo, taa inawaka chini yake, natafuta kasoro. Kutwa nzima kinapita. Nilirudi kazini siku moja, kikaja kitambaa cha mistari. Nilianguka juu ya meza."

"Na miguu?"

"Miguu ilianza baadaye. Inakuwa mizito, halafu inakatika. Kama si yangu."

"Waliokupima wamekwambiaje?"

"Mmoja alisema sina kitu. Mmoja alisema mawazo. Mmoja aliniuliza kama nina ugomvi na mume wangu. Nilipomwambia sina, akaandika kitu kirefu."

Daktari alicheka kidogo, kisha akamsimamisha katikati ya chumba, miguu pamoja, macho yamefumbwa. Mgonjwa alianza kuyumba papo hapo, mbele, nyuma, upande, hata Matroni akanyoosha mikono.

"Mwache tu, mama. Nipo." Daktari alisimama nyuma ya mgonjwa na kuanza kumwandika mgongoni kwa kidole. "Namba gani hii?"

"Saba."

"Hii?"

"Nne... hapana, tisa."

"Hii?"

"Sita."

Na kadiri alivyotafuta namba, ndivyo mwili ulivyotulia. Kufika namba ya tano alikuwa amesimama wima kama mlingoti, macho bado yamefumbwa.

Matroni aliujua mchezo huo. Leo kuna nyama. Binti yake alikuwa ameinua kichwa, na daktari alikuwa amemwona.

"Vizuri," alisema daktari, akamkalisha. "Sasa niambie. Kuna wakati wowote, hata dakika moja, ulisahau kizunguzungu ukatembea kama zamani?"

Mgonjwa alimtazama mama yake.

"Haijatokea, daktari," alisema Matroni.

Kalamu ilianza kuandika. Nje mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu bovu.

"Mama," alisema binti, "kwa nini tunaficha?"

"Tunaficha nini?"

"Wewe unaficha. Kwa sababu unadhani nimekamatwa." Hakupandisha sauti. Aliongea akitazama mguu wa meza. "Wifi anasema mbele za watu kwamba najifanya. Wewe unasema mbele za watu kwamba naumwa. Lakini nyinyi wawili mnaamini jambo moja. Tofauti yenu ni kwamba yeye hana siri."

Matroni alitazama mikono yake mapajani, mikono iliyokuwa imebeba trei ya chakula kitandani mara tatu kwa siku, siku tisini.

"Alikimbia," alisema hatimaye. "Jumapili. Mtoto alianguka ngazini, akakimbia ngazi tisa, akamdaka. Kisha miguu ikakataa. Nilimkataza asiseme."

"Ahaa!" alisema daktari, uso umemchangamka kama aliyepewa zawadi. "Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta asubuhi nzima."

Mama na mwana walitazamana.

"Wenzangu walitafuta kilichovunjika," aliendelea daktari. "Hawakukiona kwa sababu hakipo. Lakini kitu kinaweza kuwa kizima na bado kisifanye kazi yake sawasawa. Sikio lilipovimba lilikuwa linaupa ubongo habari za uongo: tunazunguka, tunaanguka. Ubongo ukafanya busara. Ukaacha kuliamini sikio, ukaanza kulinda kila hatua, ukakaza shingo, ukakaza miguu, ukayategemea macho kwa kila kitu. Sikio limepona. Lakini ulinzi umebaki kazini. Sasa mtu akiusimamia kila mguu unapokanyaga, hawezi kutembea. Jaribu siku moja kushuka ngazi ukifikiria kila goti."

"Na alipokimbia?" aliuliza Matroni.

"Alipokimbia alimfikiria mtoto. Ulinzi ukasahaulika, mwili ukafanya kazi unayoijua. Alipokwisha kumdaka, akajikumbuka, ulinzi ukarudi. Hili la namba mgongoni ni jambo lilelile. Anayejifanya, mama, angeyumba zaidi nilipokuwa natazama. Huyu hakujua hata kama ametulia."

Mgonjwa alikuwa amekunja uso, si kwa maumivu. Alikuwa anawaza.

"Kama mtambo wa kufumia," alisema.

"Mtambo gani?"

"Kule kiwandani. Kila uzi una kijibati chake. Uzi ukikatika, kijibati kinaanguka, mtambo unasimama wenyewe. Lakini kuna mitambo inaanza kusimama bila uzi kukatika. Fundi anapekua nyuzi elfu mbili, zote nzima. Kumbe kinachosimamisha kimekuwa kikali mno. Hata vumbi likipita, kinasimamisha."

"Na mtambo huo unajifanya?"

"Mtambo haujui kujifanya."

"Mnautengenezaje?"

"Fundi anakilegeza kidogo kidogo, huku mtambo unaendeshwa. Ukizimwa hautengenezeki."

Daktari aliegemea kiti. "Basi sina la kuongeza. Wewe ungekuja mapema ningekuajiri." Kisha akamgeukia Matroni. "Nani anampelekea chakula kitandani?"

"Mimi."

"Acha. Nani anafunga mapazia?"

"Mimi."

"Fungua. Mama, umemtunza kama mwenye mfupa uliovunjika. Ulichozima ni mtambo."

Hakuna mtu aliyesema na Matroni kwa namna hiyo tangu mkuu wa shule aliyepita. Alijikuta anaitikia kwa kichwa kama msichana wa bweni.

Hakukuwa na kidonge. Kulikuwa na mazoezi: kugeuza kichwa akitembea, kutembea huku akihesabu kinyumenyume, kutazama mistari inayosogea kwa dakika mbili, kisha tatu, kisha tano, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo kila wiki. Atajisikia vibaya zaidi mwanzoni, daktari alisema, na hiyo si dalili ya kuharibika. Miezi, si siku. Wengi hupata nafuu kubwa, wengine nafuu ya wastani. Hawezi kuapa.

Daktari alipoanza kuandika barua ya kiwandani, Matroni aliinama mbele.

"Daktari, mwanangu, ungeandika sikio tu. Sikio wanalielewa. Hili la ulinzi na mtambo, ofisini watalicheka."

"Nikiandika sikio, watampumzisha nyumbani mpaka sikio lipone. Sikio limeshapona. Atapumzika mpaka lini?"

Matroni alirudi nyuma kwenye kiti chake. Hilo nalo lilikuwa kweli.

*

Alhamisi saa nne kasoro robo walikuwa kwenye ofisi ya wafanyakazi, chumba chenye kabati tatu za chuma na dirisha la kioo lililotazama ukumbi wa ukaguzi. Mngurumo wa mitambo ulipita sakafuni, ukapanda miguuni. Mgonjwa aliketi kiti cha karibu na ukuta. Alikuwa ametembea kutoka getini akihesabu kwa kushuka kutoka mia, saba saba, na alipokosea alirudia. Alifika amelowa jasho, lakini alifika.

Afisa wa wafanyakazi alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kila alipotaka kusema jambo baya. Aliisoma barua mara mbili. Akafuta miwani.

"Huu ugonjwa haumo kwenye orodha yetu."

"Na mimi simo kwenye orodha yako, lakini niko mbele yako," alisema Matroni.

"Mama, sina ubishi. Lakini imeandikwa hapa kwamba vipimo vyote ni safi. Na," miwani ikafutwa tena, "kuna maneno yamenifikia kwamba huyu dada ameonekana akikimbia." Alinyanyua simu, akasema neno moja, na baada ya dakika chache wifi aliingia, aproni ya ufungashaji kiunoni, mabaki ya utepe wa gundi yamemnata kwenye mkono wa blauzi. Hakumtazama mtu.

"Ni kweli ulimwona?"

Kusema nyumbani ni jambo moja. Kusema mbele ya meza yenye mihuri ni jambo lingine.

"Mimi... ilikuwa mbali kidogo. Labda..."

"Aliona sawasawa," alisema Matroni. "Alikuwa hatua tano. Alikimbia ngazi tisa, na huyu wifi yake alipolisema nilimkana mbele ya kaka yake, nikasema ameteleza. Nilisema uongo, mtu mzima na mvi zangu. Nisamehe, mwanangu."

Wifi alishika utepe ule mkononi, akaanza kuubandua. "Mama, yameisha," alisema. Kisha tabia ikamshinda. "Lakini mimi bado sijaelewa. Akikimbia mgonjwa, asipokimbia mgonjwa. Mzima ni lini?"

Afisa alikohoa ili asicheke. Na aliyejibu hakuwa Matroni, ingawa alikuwa ameshavuta pumzi.

"Mzima ni pale nitakapotembea bila kujiangalia," alisema mkaguzi. "Wifi, wewe unafunga marobota mia kwa siku. Vidole vinajua vyenyewe. Siku mtu akusimamie nyuma akuulize, kidole hiki unakiweka wapi, na hiki unakiweka wapi?"

"Nitajifunga mwenyewe."

"Mimi huyo mtu ninaye kichwani. Aliingia nilipougua sikio. Hajatoka. Ngazini nilimsahau kidogo, basi."

Wifi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Sasa mbona hukusema hivyo Jumapili?"

"Jumapili nilikuwa sijui. Nilidhani na mimi labda najifanya, nami sijijui."

Matroni aligeuza uso kwenye kabati za chuma na kusoma kibandiko kimoja herufi kwa herufi.

Afisa alivuta karatasi mbili kutoka kwenye droo na kuzipanga sambamba. "Niseme wazi. Ya kwanza: unaacha kazi kwa sababu ya ugonjwa. Unasaini leo, unapewa stahili zako na barua nzuri. Ya pili ni majaribio ya wiki nane, kama daktari alivyopendekeza. Unaanza na robo saa mezani, mapumziko, robo saa, na unapanda. Lakini mwisho wa wiki nane usipoweza meza kutwa nzima, unaondoka, na zile stahili za ugonjwa hazipo tena, kwa sababu utakuwa umetangaza kwamba unaweza. Sikutunga mimi. Ndivyo kanuni zilivyo."

"Kanuni hizo zilitungwa na mtu aliyekuwa na kizunguzungu," alisema Matroni.

"Kafikirieni nyumbani, mama. Mje Jumatatu na jibu."

Matroni alikuwa nalo jibu. Alikuwa nalo tangu karatasi ya kwanza ilipotoka kwenye droo. Chukua kilicho mkononi, mwanangu. Ndege wa mtini hana mchuzi. Aliyepata nafuu ya wastani atakagua nini? Hoja zilijipanga kichwani mwake kama wasichana kwenye mstari wa asubuhi, zimechomekea na viatu vinang'aa, zinasubiri filimbi. Aligeuka kuzisema.

Binti yake alikuwa akitazama kupitia dirisha la kioo. Kule ukumbini meza nne zilikuwa zinawaka kwa chini, vitambaa vinapita juu yake kama mito midogo, kimoja cheupe, kimoja cha maua, kimoja cha mistari. Alikuwa anakitazama cha mistari. Rangi ilimwondoka mdomoni, vidole vikatafuta ukingo wa kiti. Hakuondoa macho. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Matroni alifunga mdomo.

"Meza ya mwisho pale haina mtu?" aliuliza mkaguzi.

"Mwenyewe yuko likizo," alisema afisa.

"Nipe kalamu."

"Dada, nimesema Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa nimeogopa siku nne zaidi."

Alisaini karatasi ya pili, palepale, kwa mwandiko uliopinda kidogo. Akainuka. Miguu ilitikisika, goti moja likakunjika, akasimama akisubiri mpaka likanyooka. Wifi alinyoosha mkono kumshika, akasita, akamtazama Matroni, akaurudisha mkono kwenye aproni.

"Niulize kitu," mkaguzi alimwambia wifi. "Chochote. Tukitembea, niulize."

Wifi alifikiri. "Yule fundi umeme aliyekuwa anakutaka kabla ya kaka yangu, alikuwa anaitwaje vile?"

"Ala! Mbele ya mama?"

"Umesema chochote."

Wakatoka, mmoja akiuliza, mwingine akijibu na kuyumba na kujibu, katikati ya ukumbi, mbali na kuta. Wafanyakazi waliinua vichwa. Mtu mmoja akasema kitu sikioni mwa mwenzake, wakacheka. Mkaguzi alifika kwenye meza ya mwisho, akatanua miguu, akaweka viganja juu ya kioo. Alisimama hivyo kwa muda mrefu kuliko Matroni alivyoweza kuvumilia. Kisha akabonyeza kitufe, na kitambaa kikaanza kusogea.

Afisa alisogeza kiti. "Kaa, mama. Ni robo saa tu. Utamsubiri umrudishe nyumbani."

Matroni alikiangalia kiti. Alikuwa amekusudia kukaa hapo mpaka jioni, na ndani ya mkoba alikuwa na chupa ya maji, taulo na kikoi cha kumfunika. Alitoa chupa, akaiweka juu ya meza ya afisa, akafunga zipu ya mkoba.

"Mpe akimaliza," alisema. "Mimi nina nguo nimeanika, na mvua inakuja."

"Atarudi na nani?"

"Njia anaijua."

Akaenda zake kupitia mlango wa nje, bila kupita ukumbini.